Ukitaka kuhudumia viziwi, anza na mikono kabla ya cheti

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama afisa ustawi wa jamii, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 17. "Dada, mwanangu huyu amenishinda," alisema hata kabla hajakaa. Binti anatoroka nyumbani, anarudi magharibi, hasikii: na alimaanisha yote mawili. Nikachukua kalamu. Mama akaongea, mimi nikaandika, ukurasa mmoja na nusu, na muda wote huo binti anaangalia kalenda ya ukutani. Sikumuuliza chochote. Ningemuulizaje? Nikafunga maelezo yangu kwa maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka uso unapata moto: "Mtoto mkaidi. Ushauri umetolewa." Aliyepewa ushauri ni mama yake.

Miezi minne baadaye nilipeleka kitambaa kwa fundi wa karibu na soko, mama kiziwi mwenye vyerehani viwili. Yule binti alikuwa pale, kakalia ndoo iliyofudikizwa, mikono inaruka, anacheka mpaka anajishika tumbo. Huko ndiko alikokuwa anatorokea. Nyumbani kwao waliishi watu saba, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumwambia zaidi ya njoo, kula, lala, acha. Kwa fundi kulikuwa na mazungumzo.

Vijana huniuliza nilisomea wapi "ustawi wa viziwi". Sikusomea kitu chenye jina hilo. Nilisomea ustawi wa jamii kama wenzangu, na viziwi wakanifundisha kilichobaki, taratibu, wakinicheka. Ningerudishwa nyuma leo ningeanza na hicho kilichobaki, ndiyo maana maelekezo haya yamekaa kinyume na unavyotarajia: chuo kinakuja katikati.

Usiandike bubu

Ondoa neno hilo kinywani na kwenye faili. Viziwi wenyewe wanajiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Hawalionei haya neno lao. Kumwita mtu bubu ni kusema hana lugha, na wao wanayo. Wapo maafisa wanaoandika "mlemavu wa kusikia na kuongea" wakidhani ndiyo adabu. Mimi huandika "kiziwi, anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania", kwa sababu ile sehemu ya pili ndiyo itakayomsaidia afisa atakayelishika jalada baada yangu.

Wanaoingia ofisini nao hawafanani. Yupo aliyepita shule ya viziwi, alama zake zimenyooka. Yupo aliyekulia kijijini bila kukutana na kiziwi mwingine, ana alama za nyumbani tu ambazo mama na dada yake ndio wanaozijua. Yupo aliyesikia hadi utu uzima, akaugua, akatoka hospitali masikio yamekwenda. Huyu anaongea vizuri kabisa, na ukimwitia mkalimani wa lugha ya alama utakuwa umemletea mgeni asiyemwelewa. Halafu wapo wenye usikivu hafifu, wengi wao wazee, wanaoitikia "ndiyo" kwa kila kitu ili mambo yaishe warudi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya jina, kabla ya mtaa anaokaa, uliza: tuwasiliane vipi? Atakayejibu ni yeye, hata kama amekuja na ukoo mzima.

Jifunze alama barazani

Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, ina sarufi yake. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Neno hujengwa na umbo la mkono, mahali mkono ulipo, mwendo wake, upande kiganja kinakotazama, na uso. Badili kimoja tu, umesema kitu kingine. Mimi nilishika mikono haraka, uso ukanishinda, maana tumelelewa kukaa na uso uliotulia mbele za watu. Kwenye alama, swali la ndiyo au hapana lipo kwenye nyusi. Siku moja nilimkabili mzee wa watu nikiwa na nyusi zangu zimelala, nikakusudia kumuuliza kama amemfukuza mkewe. Kumbe nimemwambia: umemfukuza mkeo. Akasimama. Ilibidi fundi wetu wa cherehani aje kuamua ugomvi.

Pa kuanzia ni tawi la CHAVITA lililo karibu nawe. Uliza kama wana darasa. Ukikosa darasa, tafuta mahali viziwi wanapokutana. Kila mji una pahala kama hapo: ibada ya Jumapili yenye mkalimani, karakana ya useremala, kibanda cha fundi viatu, kona fulani ya stendi jioni. Nenda ukiwa na shughuli, usiende kama mtafiti. Shona nguo, tengeneza viatu, kunywa chai. Video za kwenye simu zinasaidia kukumbuka alama, ila angalia sana zisiwe za Kimarekani, maana mtandaoni hizo ndizo zimejaa. Nimeshuhudia kijana aliyekesha akijifunza miezi mitatu, akafika kwa viziwi wa hapa wakamtazama kama anaongea Kichina.

Tena hata hapa nchini alama hutofautiana. Shule za bweni ndizo zilizokuwa tanuri la lugha hii, na kila tanuri lilioka mkate wake. Aliyesoma Tabora, shule ya kwanza ya viziwi nchini iliyofunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, anaweza kuwa na alama ambazo aliyesoma Buguruni, Dar es Salaam, hana. Ukiona alama ngeni usijifanye umeelewa. Uliza. Hawachoki kurudia, wanachochoka ni mtu anayetikisa kichwa huku macho yamepotea.

Itachukua muda gani? Mimi mwaka mmoja nilipiga soga. Mitatu ndipo nilipothubutu kumsikiliza mtu mwenye shida nzito bila mkalimani pembeni, na bado kwa mambo ya polisi namwita.

Chuo

Hapa sitakaa sana, kwa sababu habari zake zinapatikana. Unahitaji ustawi wa jamii kuanzia astashahada, stashahada au shahada. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo mama wa fani hii nchini, lakini si peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vingine wanafundisha pia. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo cha NACTVET (vyuo vya kati) au cha TCU (vyuo vikuu) cha mwaka unaoomba, usitegemee mdomo wa binamu yako.

Usichanganye milango mitatu iliyo jirani. Mwalimu wa elimu maalumu anaandaliwa kwingine, kwa mfano chuo cha Patandi, Arusha. Mkalimani ni taaluma nyingine yenye miiko yake. Afisa ustawi ndiye anayeshika shauri: anachunguza, anaunganisha, anaandika, anasimama na mtu hadi mwisho. Ukijua alama watakusukuma ufanye yote matatu kwa mshahara mmoja. Kataa hasa hili: kumtafsiria mtu ambaye shauri lake umelishika wewe. Huwezi kuwa mdomo wa mtu na wakati huohuo uwe unampima maneno yake.

Silaha yako chuoni ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wenzangu waliomba ofisi zenye kiyoyozi. Wewe andika barua mapema uombe shule yenye watoto viziwi, na ukifika omba kukaa bwenini na walezi kuliko ofisini na mwalimu mkuu. Jioni, baada ya chakula, ndipo watoto wanaposimuliana yaliyotokea likizo nyumbani kwao. Mengine hayajawahi kufika kwenye faili lolote.

Ukimaliza, usitafute tangazo la "afisa ustawi wa viziwi". Utakesha. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kama afisa ustawi wa jamii daraja la pili, basi, na utapangiwa halmashauri, hospitali au mahabusu ya watoto. Utapokea wazee waliotelekezwa, wanandoa wanaogombea watoto, mikopo, njaa. Viziwi watakuja wenyewe. Habari ya afisa anayejua alama inasafiri mkoa mzima ndani ya wiki moja, kwa simu ya video.

Chumba chako cha mahojiano

Panga viti kabla hajaingia. Usikae ukiwa umeipa mgongo dirisha, maana uso wako utakuwa giza na yeye anausoma huo uso. Mkalimani akae pembeni yako kidogo nyuma, ili mteja awaone wote wawili kwa jicho moja. Mtazame mteja. Usimwambie mkalimani "muulize kama…", uliza moja kwa moja, "ulilala wapi jana?" Ukitaka kuandika, acha kuzungumza, andika, kisha inua macho. Sisi wasikivu tumezoea kuongea huku tumeinamia karatasi. Kwa kiziwi, ukiinama umemkatia simu.

Kumwita asikilize, punga mkono ndani ya upeo wa macho yake, gusa bega kidogo, gonga meza ahisi mtetemo, au zima na kuwasha taa. Usimrushie kalamu. Nimeona kwa macho yangu.

Mkalimani asiwe ndugu. Hilo nililipa kwa ukurasa wangu mmoja na nusu. Na asiwe mtoto mdogo anayesikia wa wazazi viziwi, hata kama anafasiri vizuri kama chiriku. Fikiria mtoto wa miaka 9 akimwambia mama yake majibu ya kipimo cha UKIMWI. Mkubaliane na mkalimani juu ya siri kwa maneno ya wazi, kwa sababu dunia ya viziwi ni ndogo: huenda ndiye anayefasiri kanisani kwa mteja huyohuyo. Mpe nauli na posho siku hiyohiyo. Liingize fungu hilo kwenye bajeti wakati wa kupanga bajeti, uandike "huduma ya mkalimani", na mkubwa wako akilifuta liandike tena mwaka unaofuata, ukiambatisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mimi lilifutwa mara mbili.

Usijifariji kwamba mtaandikiana. Kwa viziwi wengi wa huku Kiswahili ni lugha ya pili, na ni lugha inayobebesha kitenzi mzigo mzima. "Hatujamwandikia" ina mtu anayetenda, ukanusho, wakati, anayetendewa, na bado ni neno moja. Mteja wangu huniletea ujumbe: "Mimi jana hospitali kwenda, daktari hakuna, kesho rudi." Umeelewa? Mimi nimeelewa. Lakini yupo mtumishi aliyesoma maandishi ya namna hiyo akaandika pembeni "akili si timamu". Ukiandika, tumia sentensi fupi, tarehe, mchoro, saa. Na usiulize "umeelewa?" Atatikisa kichwa, kama wewe unavyofanya kwa mhudumu wa benki. Sema: nionyeshe kesho utaanzia wapi. Hapo utajua.

Tenga muda mara mbili. Alama za nyumbani, mara nne: tafuta kiziwi mzoefu akae katikati, yeye na mteja watajenga daraja kwa kuigiza na kuchora, mkalimani akufikishie wewe. Inaonekana ni mzunguko mrefu. Hakuna wa mkato.

Polisi na mahakama

Msichana kiziwi akidhuriwa, milango ya msaada imejengwa kwa sauti. Namba ya simu ya watoto, 116, ni ya kupiga na kuongea. Dawati la Jinsia na Watoto lina maafisa wenye moyo, lakini uwezekano wa kumkuta anayejua alama saa tatu usiku ni mdogo. Kazi yako ni kufika na mkalimani siku ya kwanza, kabla maelezo hayajaandikwa, kwa sababu maelezo ya kwanza yaliyokosewa ndiyo wakili atakayoyashika mahakamani. Hakikisha PF3, fomu ya polisi ya matibabu, imepatikana na matibabu yameanza. Kwenye ripoti yako andika nani alifasiri, kwa lugha gani, na pale ambapo mteja alionyesha kwa kitendo, eleza kitendo chenyewe kabla ya kuandika ulivyokielewa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama. Ijue hiyo, maana utamkuta mtu wa kukwambia "huyu hawezi kuwa shahidi".

Wazazi

Ningekuwa na siku mbili tu kazini kwa wiki, zote ningewapa wazazi wa watoto wadogo. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na watu wanaosikia, ambao kiziwi wa kwanza kumfahamu maishani ni mtoto wao. Wamekwisha kuambiwa ni mkosi, ni jicho, bibi wa upande wa baba alikosewa. Mama anakuja na hatia aliyobebeshwa na ukoo. Mweleze sababu kwa jina: homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali ya kichanga, maambukizi ya masikio yasiyotibiwa, baadhi ya dawa kama gentamisini, na mara nyingine urithi tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika. Mwambie hilo kwa ajili ya mtoto atakayefuata, usimwambie kana kwamba alizembea.

Halafu atakuuliza, "Dada, ataongea lini?" Mpeleke apimwe masikio. Mwambie ukweli juu ya shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni: humsaidia mwenye usikivu uliobaki, hula betri, na mtoto hukua likawa halimkai sikioni. Mwambie kwamba Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu mwaka 2017, kwamba ni ghali, na kwamba baada ya upasuaji kuna miaka ya mazoezi. Lakini usimwache akae akisubiri. Miaka ya kwanza ya mtoto ndiyo ya kuotesha lugha, na mtoto asiyepewa lugha yoyote hadi miaka 8 analipa deni ambalo shule haiwezi kulimaliza. Aanze alama leo. Alama hazimzuii kuongea kama ataweza.

Mimi huwapa kazi ya nyumbani: alama tano kwa wiki, nyumba nzima, pamoja na babu. Babu ndiye kipimo changu. Akishajifunza alama ya ugoro, najua nyumba imegeuka.

Mikopo, wazee, na mengineyo

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Viziwi wengi hawajui kwa sababu tangazo lilipita kwa kipaza sauti juu ya gari. Saidia kikundi kuandika katiba, hudhuria mkutano, hakikisha mwenyekiti si msikivu aliyewakusanya ili apate mkopo kwa jina lao.

Mzee mwenye usikivu hafifu usimpigie kelele. Mkabili, punguza kasi, zima redio, na badili neno badala ya kulirudia lilelile mara sita.

Kama wewe mwenyewe ni kiziwi

Kazi hii ni yako kuliko yangu. Mimi nilihitaji miaka mitatu kufika mahali unapoanzia. Ugumu wako utakuwa mhadhara usio na mkalimani. Andikia chuo kabla ya kuripoti, ueleze unachohitaji, ubaki na nakala. Tafuta mwanafunzi mwenzako wa kukupa daftari lake. Jirani zetu wamesogea: Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, ya Kenya ya 2010 ikaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Na huko Washington, Chuo Kikuu cha Gallaudet, kilichoanza 1864 kwa ajili ya viziwi, kina shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Wanaoifundisha hiyo kazi kwa mikono wapo.

Utakapopewa jina

Septemba ni mwezi wa Wiki ya Viziwi, na tarehe 23 ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Nenda. Usibebe daftari. Wakikuzoea watakupa jina la alama, na hulichagui wewe, wanaangalia ulivyo. Kuna rafiki yangu jina lake ni mwanya, mwingine ni namna anavyovuta suruali.

La kwangu ni kidole kinachoandika mbiombio juu ya kiganja, uso umeinamishwa chini. Alinipa yule binti, pale kwa fundi. Siku hizi ana cherehani chake. Nimeomba libadilishwe mara kadhaa, wanakataa.